TUMJUE MDUDU KABLA YA KUMPIGA DAWA
Namna ya kupiga picha za wadudu kwa karibu kwa lenzi za kujitengenezea

Tangu wengi wetu wawe na simu zenye kamera, afisi yetu hupokea picha za mikarafuu mara kwa mara. Tunazipokea kwa furaha na tunawashukuru wanaozileta. Lakini liko jambo ambalo hatuna budi kulisema. Picha nyingi huonyesha jani zuri la kijani, na juu yake doa jeusi, na chini yake maneno haya: "Katibu, huyu mdudu gani? Nimpige dawa gani?" Nasi tukiikuza picha ili tumtazame huyo mdudu, doa linageuka kuwa ukungu mkubwa zaidi. Hatuoni miguu wala mbawa, wala hatujui kama ni mdudu au ni chembe ya masizi. Mara nyingine kinachoonekana wazi kabisa ni kidole cha mpiga picha.

Jambo hili si la mchezo. Dawa hununuliwa kwa fedha, na dawa haichagui. Humuua adui na humuua rafiki pamoja naye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kila kilicho nguoni kinakula. Mwenye shamba asiyemjua mdudu wake ni kama hakimu anayehukumu bila ya kumwona mshitakiwa. Kwa hivyo tumeona vyema tuandike namna ya kupiga picha ya mdudu mpaka zionekane nywele za miguu yake, kwa vitu vinavyopatikana majumbani mwetu na kwa mafundi wa mitaani.

MFANO WA MAJI MOTO

Kila aliyepanda mkarafuu anamjua chungu maji moto, na anayajua maumivu yake. Wachumaji humlaani, na wako wenye mashamba wanaotaka kuyachoma moto matundu yake yote. Lakini hebu tumtazame kwa karibu. Tundu lake ni majani mabichi yaliyoshonwa. Chungu wakubwa huyavuta majani mpaka yakutane, kisha huwashika watoto wao, yaani funza, kwa taya zao, wakawapitisha ukingoni mwa majani huku na huku kama mshonaji anavyopitisha uzi, maana hariri hutoka kwa funza. Hali jani. Basi anatafuta nini juu ya mkarafuu?

Jawabu iko kwenye vijiti vichanga na chini ya majani. Humo hukaa wadudu wa magamba, viumbe vidogo vya kahawia, vimenata kama vipele, havina mwendo wa kuonekana. Hufyonza utomvu wa mti na hutoa maji matamu, na maji moto huyanywa maji hayo na kuwalinda wanaoyatoa. Mtaalamu wa wadudu M. J. Way aliyachunguza mambo haya Unguja, na mwaka 1954 alichapisha habari za maji moto, ambaye jina lake la kitaalamu ni Oecophylla longinoda, pamoja na mdudu wa magamba anayeitwa Saissetia zanzibarensis. Mdudu huyo, kama mnavyoona, amepewa jina la visiwa vyetu.

Mpaka hapo maji moto anaonekana mkosaji. Lakini mashamba yetu mengi yana minazi katikati ya mikarafuu. Kuna mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zikapata makovu na kuanguka kabla ya wakati. Jina lake ni Pseudotheraptus wayi, naye aliitwa hivyo kwa heshima ya huyo huyo Way. Anayemfukuza mdudu huyo minazini ni maji moto. Penye maji moto wengi, nazi husalimika zaidi. Na penye chungu wadogo wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, maji moto hufukuzwa na nazi hukosa mlinzi. Basi anayechoma matundu yote bila ya kutazama huenda anajinusuru na kuumwa mkarafuuni na kujinyima nazi mnazini. Hatusemi kwamba maji moto asiguswe kamwe. Tunasema kwamba uamuzi huo utanguliwe na macho.

KWA NINI SIMU PEKE YAKE HAITOSHI

Simu nyingi haziwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu sana. Ukiisogeza kupita kiasi cha sentimita 7 au 10, picha huingia ukungu. Ziko simu za siku hizi zilizo na kamera ya pili ya kupigia vitu vya karibu, na mwenye nayo aijaribu kwanza. Wengine wetu tunahitaji kuongeza lenzi moja mbele ya ile ya simu. Lenzi hiyo huupinda mwanga unaotoka kwa mdudu, na simu ikaweza kumtazama kutoka sentimita mbili au tatu tu.

Elimu hii si ngeni. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manadhir huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, na humo alieleza kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni, na alichunguza jinsi nuru inavyopinda ipitapo katika maji na kioo. Baadaye Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyeishi mwaka 1632 hadi 1723, alisaga lenzi ndogo kama punje, akaipachika moja moja kati ya vibati viwili, na kwa hiyo akaona vijidudu ambavyo hakuna aliyepata kuviona kabla yake. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft. Mchagua jembe si mkulima.

LENZI NNE ZA KUANZIA

Ya kwanza ni tone la maji, nalo ni la bure. Chukua kipande cha plastiki angavu na kigumu, kama cha kifuniko cha boksi la vitafunio, ukikate ukubwa wa stempu na ukikaushe vizuri. Kibandike kwa utepe wa gundi mbele ya lenzi ya simu. Kisha kwa ncha ya kijiti weka juu yake tone moja, upana wake kiasi cha punje ya mtama. Igeuze simu polepole, tone lining'inie kwa chini, na uishushe juu ya jani mpaka picha iwe wazi. Usiweke tone juu ya simu yenyewe, maana si kila simu inavumilia maji. Tone hili halidumu na hutikisika kwa pumzi, lakini linafundisha kanuni yote: tone likiwa dogo na la mviringo zaidi, hukuza zaidi, na hutaka kukaribia zaidi.

Ya pili ni lenzi ya taa ndogo ya leza, zile wanazochezea watoto. Chukua iliyokwisha haribika, utoe betri kwanza, kisha ufungue kichwa chake. Ndani mna lenzi ndogo kama punje ya choroko. Ibane katika kibanio cha nywele cha waya, kisha ukilaze kibanio juu ya simu ili lenzi ikae katikati kabisa ya jicho la kamera, na ukifunge kwa utepe. Jaribu pande zote mbili za lenzi, kwani upande mmoja hutoa picha safi kuliko mwingine. Lenzi ya aina hii hupatikana pia katika mashine za kuchezea sidii na dividii zilizokufa. Nenda kwa fundi redio umwombe, yeye huzitupa.

Ya tatu ni kioo wanachotumia sonara na mafundi saa. Hiki ndicho tunachokipenda zaidi, kwa sababu ni kipana na picha yake ni safi hadi karibu na pembe. Chenye alama ya 10x hutazama kitu kilicho kiasi cha sentimita 2 na nusu mbele yake. Kata duara katika kipande cha ndara kuukuu, ukipachike kioo humo, ukishikize mbele ya simu kwa mpira wa kufungia fedha. Ndara hushika vizuri na haiparuzi simu.

Ya nne ni kwa wenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi. Ukiigeuza lenzi nyuma mbele, sehemu inayoingia kwenye kamera ikatazama mdudu, inakuwa lenzi ya karibu yenye nguvu. Lenzi ya milimita 50 iliyogeuzwa humchora mdudu ndani ya kamera kwa kadiri ya ukubwa wake wa kweli, au pungufu kidogo. Ya milimita 28 humchora kwa kiasi cha mara mbili. Lenzi za zamani ndizo zifaazo, kwa sababu zina pete ya kupunguza tundu la mwanga kwa mkono. Ukiiweka pete kwenye 8 au 11, sehemu kubwa zaidi ya mdudu huonekana wazi. Kuishikiza, toboa mfuniko wa plastiki wa kufunikia mdomo wa kamera, uugandishe kwenye mfuniko wa mbele wa lenzi uliotobolewa vile vile. Ukitaka kukuza zaidi, weka kati yao kipande cha bomba la plastiki la maji, na ndani yake ukivike karatasi nyeusi ili mwanga usirukeruke.

MWANGA, UPEPO NA SUBIRA

Ukishapata lenzi, kazi iliyobaki ni ya mikono na akili.

Jambo la kwanza ni wakati. Wakati bora ni baada ya sala ya alfajiri, kunapopambazuka, kabla jua halijapanda. Wadudu huwa wazito kwa baridi na upepo haujaamka. Saa nne za asubuhi mdudu yule yule hatakupa nafasi ya kuhesabu mpaka tatu.

Jambo la pili ni mwanga. Jua kali hutoa picha ya nyeupe na nyeusi, na gamba linalong'aa likapoteza sura. Weka kitambaa chepesi cheupe, kama kipande cha kanzu kuukuu, kati ya jua na mdudu. Penye kivuli kizito, mwambie mwenzio amulike kwa tochi kupitia karatasi nyeupe kutoka ubavuni, wala si kutoka mbele, maana mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha nundu na mabonde.

Jambo la tatu ni kutulia. Ukikaribia hivi, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba mno, pengine haifiki milimita moja. Jicho la mdudu likiwa wazi, mguu wake wa nyuma huwa ukungu. Kwa hivyo usimtazame kwa mshazari. Ulaze uso wa simu sambamba na ubavu wake ili mwili wote uingie katika sehemu ile nyembamba. Gusa kioo cha simu juu ya jicho la mdudu na ukibane mpaka simu ifunge macho yake hapo. Baada ya hapo usiihangaishe tena simu kutafuta; isogeze wewe mbele na nyuma polepole, kadiri ya unene wa uzi, na upige picha nyingi mfululizo. Katika picha 30, tatu zikitoka nzuri umefanikiwa. Wengine hupiga sinema fupi wakachagua humo picha moja iliyo wazi, na njia hiyo inafaa sana kwa chungu asiyetulia.

Jani lisitikisike. Chomeka kijiti ardhini, ulibane jani kwa kibanio cha nguo. Viwiko viegemee kitu au magoti. Simu iliyochomekwa waya wa kusikilizia hupiga picha kwa kubonyeza kitufe cha sauti kilicho kwenye waya, na kwa hivyo haitikiswi na kidole. Na mwenye simu ya kamera mbili au tatu ahakikishe kwamba inayofanya kazi ni ile iliyofunikwa na lenzi. Simu hizi hujibadilishia kamera zenyewe kitu kikikaribia, na mtu akabaki akishangaa mbona lenzi yake haikuzi.

MAZOEZI KWA DARAJA

Usianze na nzi arukaye. Anza na karafuu kavu moja juu ya meza. Itazame kichwa chake na meno yake manne mpaka uone vishimo vidogo vya mafuta. Kisha mpige mdudu aliyekufa dirishani. Kisha toka shambani uwatafute wadudu wa magamba, kwani hao hawakimbii. Baada yao jaribu maji moto aliye mlangoni mwa tundu, ambaye akihisi hatari husimama na kuinua kichwa, nawe ukapata nafasi. Mwisho ndipo uwafuate nyuki na nzi.

Ukifika kwa maji moto, mhesabu miguu. Kuna buibui wa ukoo wa Myrmarachne wanaojifanya chungu kwa umbo na mwendo. Kwa macho matupu utaapa kwamba ni chungu. Picha ikikuonyesha miguu minane badala ya sita, umemkamata mnafiki.

MICHE ILIYOPATA MASIZI

Faida ya kazi hii tumeiona katika kitalu cha mwanachama mmoja. Miche yake ilifunikwa na weusi kama masizi ya jikoni, naye aliamini ni maradhi ya jani, akawa yu tayari kwenda dukani kununua dawa ya ukungu. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alifunga lenzi ya leza juu ya simu ya mama yake akapiga picha chini ya majani na kwenye vijiti. Picha ile ilipoletwa afisini haikuhitaji maelezo. Vipele vya kahawia vilikuwa vimejipanga kando ya mshipa wa jani kama boti gatini, chungu wakivizunguka, na matone ya maji matamu yakining'inia. Weusi ule ulikuwa ni ukungu unaoota juu ya utamu uliodondoka, nao haukuwa ndio chanzo. Jamaa wa nyumba ile walikaa jioni mbili wakiifuta miche kwa kitambaa na maji ya sabuni, mche mmoja mmoja. Fedha ya dawa ilibaki mfukoni.

PICHA TATU, SI MOJA

Mwanachama anayetaka msaada alete picha tatu. Ya kwanza ionyeshe mti mzima au mche mzima. Ya pili ionyeshe tawi au jani lenye dalili. Ya tatu imwonyeshe mdudu mwenyewe kwa karibu, na pembeni mwake kitu cha kupimia, kama rula ya mtoto wa skuli au kichwa cha kijiti cha kibiriti. Aandike tarehe, jina la shamba, umri wa miti, na kama kuna minazi karibu. Kwa picha za namna hiyo Bwana Shamba au Bibi Shamba ana la kusema, na ikihitajiwa zaweza kupelekwa kwa wataalamu wa utafiti wa kilimo Kizimbani. Wako wadudu ambao hata picha nzuri haiwatambulishi. Hao watiwe katika kichupa chenye spiriti na kuletwa wenyewe.

Tukumbuke pia kwamba si kila kifo cha mkarafuu kina mdudu. Maradhi ya kufa ghafla, yaliyoviumiza sana visiwa vyetu, yalihusishwa na kuvu aitwaye Valsa eugeniae katika uchunguzi wa miaka ya 1950. Mchwa unayemwona katika gogo la mti uliokufa huenda ni mgeni aliyefika baada ya maziko. Picha yake ni ushahidi kwamba alikuwepo, si kwamba aliua.

TAHADHARI

Asipande mtu mkarafuuni kwa ajili ya picha. Matawi ya chini yanatosha, na yale yaliyovunjika wakati wa kuchuma yanatosha zaidi. Lenzi isiachwe juani juu ya majani makavu, kwani huwasha moto. Taa ya leza isiyofunguliwa isielekezwe machoni mwa mtu wala mnyama. Na anayepiga picha tundu la maji moto afunge mikono ya shati na asimame asipokanyaga njia yao, la sivyo picha itakuwa ya kilio chake.

Ndugu Wanachama, kabla ya mchumo ujao tunaomba kila mwenye shamba apige angalau picha moja iliyo wazi ya mdudu mmoja wa shamba lake. Watakaoshindwa waje afisini siku za mkutano, tutawafungia lenzi. Vijana wa skuli waje nao, maana mikono yao haitetemeki kama yetu. Picha tutakazozipata tutazibandika ubaoni pamoja na majina ya wadudu kadiri yatakavyojulikana, ili anayekuja na doa jeusi aanze kwa kulifananisha. Tukiwajua kwa sura wanaokaa mashambani mwetu, tutajua nani wa kufukuzwa, nani wa kuachwa, na lini tuitie dawa mkono na lini tuiache dukani.

Wabillahi tawfiq.

Katibu